Kabla ya Agosti: Wachezaji wa Futiboli ya Vyuo Vikuu Marekani Wajirekebishe Wapi?



Ndugu wasomaji, huenda wapo watakaoshangaa kuona ukurasa wa familia unazungumzia futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa helmeti na mpira wenye umbo la yai ambao wengi wetu huku tukiuona kwenye televisheni tunabadilisha chaneli. Lakini ukweli ni kwamba familia zetu zimetawanyika. Wapo ndugu zetu kutoka Kongo, Burundi na Somalia waliopelekwa Marekani wakiwa wakimbizi, na watoto wao waliokulia Ohio, Minnesota na Texas hawachezi tena soka peke yake. Kijana akiwa na mwili mkubwa na mbio, kocha wa sekondari atamwona tu, kisha atamwona kocha wa chuo. Mzazi naye anajikuta anatakiwa kusaini karatasi za mchezo ambao hata pointi zake hajui zinavyohesabiwa. Ndiyo maana tumeona na sisi tuseme letu.

Wala si mchezo mgeni kabisa kwa watu wa upande wetu. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alicheza Boston College kabla ya kuchukuliwa na New York Giants mwaka 2006, na akatwaa ubingwa wa Super Bowl mara mbili. Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, mwaka 1995 akiwa Chuo Kikuu cha Michigan alikimbia na mpira yadi 313 katika mechi moja dhidi ya Ohio State, na mashabiki wa Michigan hawajaisahau mpaka leo.

Kwa wasiojua kalenda yake: msimu wa vyuo huanza mwishoni mwa Agosti na fainali huchezwa Januari. Katikati, timu hupewa vipindi 15 vya mazoezi ya majira ya machipuko, kisha vijana hukimbizwa na kunyanyua vyuma, kisha hukutana tena kambini wakati joto limepamba moto. Miezi hii yote ukifungua mitandao utaona picha za aina moja tu: misuli. Fulani ameongeza kilo kumi, fulani ananyanyua chuma cha uzito wa ng'ombe. Vizuri, hatukatai. Ila rai yetu ni kwamba wachezaji wengi wa vyuo hawakupungukiwa na misuli. Wamepungukiwa na mambo mengine, na baadhi ya mambo hayo yanaua.

Tazameni Indiana. Chuo hiki kilikuwa kikihesabiwa miongoni mwa timu zilizofungwa mechi nyingi mno katika historia ya vyuo vikubwa. Mwaka 2023 kilishinda mechi 3 na kupoteza 9. Akaja kocha Curt Cignetti, na msimu wa 2025 Indiana wakacheza mechi 16 na kushinda zote, wakaifunga Miami 27-21 kwenye fainali ya Januari 2026. Hawakuwa na vijana waliosifiwa sana walipotoka sekondari ukiwalinganisha na wale wa Ohio State au Alabama. Walichokuwa nacho ni watu wazima kidogo, waliokwisha kucheza kwingine, wasiopoteza mpira ovyo na wasiofanya madhambi ya kijinga. Hapo ndipo pa kuanzia.

Jambo la kwanza, na tutalirefusha kwa sababu linastahili, ni namna ya kumwangusha mtu.

Mchezo huu msingi wake ni kumkamata mwenye mpira na kumlaza chini. Kijana wa Marekani amevaa helmeti tangu utotoni, na helmeti ina udanganyifu wake: inamfanya adhani kichwa ni silaha. Anainamisha kichwa, anafumba macho, anajirusha kama kondoo dume. Mara nyingine anampata mtu, mara nyingine anapita hewani, na mara nyingine anaumia shingo yake mwenyewe. Tangu mwaka 2013, mchezaji wa chuo anayemlenga mwenzake kichwani au shingoni kwa nguvu hutolewa nje ya mechi, baada ya waamuzi kuangalia picha ya video. Pamoja na hayo, kila wiki ya msimu bado tunaona vijana wakitolewa huku wameshika kiuno kana kwamba wameonewa. Hawakuonewa. Hawakufundishwa, au wamefundishwa wakasahau joto la mechi lilipopanda.

Dawa yake inajulikana. Wacheza raga, ambao hawana helmeti, humkamata mtu kwa bega, kichwa kikiwa pembeni, macho wazi na mikono ikifunga miguu. Kocha Pete Carroll, aliyewahi kufundisha chuo cha USC kabla ya kwenda Seattle, alitoa video mwaka 2014 ya kufundisha mtindo huo, na timu nyingi za vyuo zimeuiga. Na yupo mwingine aliyekwenda mbali zaidi. Marehemu Buddy Teevens, kocha wa Dartmouth, mwaka 2010 alipiga marufuku wachezaji wake kuangushana wao kwa wao mazoezini. Watu walimcheka. Walisema timu isiyoangushana mazoezini itakuwa laini siku ya mechi. Yeye akawapa vijana magodoro ya kuangusha, na baadaye wanafunzi wa uhandisi wa chuo hicho wakatengeneza sanamu linalojiendesha kwa rimoti, linakimbia na kukata kona kama mtu. Matokeo yake? Dartmouth walipata ubingwa wa ligi yao ya Ivy mwaka 2015, 2019, 2021 na 2023, na mwaka 2016 vyuo vyote vya ligi hiyo vikakubaliana kuacha kuangushana kikamilifu katika mazoezi ya wakati wa msimu. Teevens mwenyewe alifariki Septemba 2023 baada ya ajali ya baiskeli.

Kwa nini tunalishikilia sana jambo hili? Kwa sababu ya ubongo. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston, wakiongozwa na daktari Ann McKee, walichapisha uchunguzi wa bongo za marehemu waliocheza futiboli. Katika bongo 53 za watu walioishia ngazi ya chuo, 48 zilikutwa na ugonjwa uitwao CTE, ambao humfanya mtu asahau, akasirike bila sababu, na wengine huishia kwenye huzuni kubwa. Lazima tuseme kwa uadilifu kwamba bongo zile zilitolewa na familia ambazo nyingi zilikwisha kuona dalili, kwa hiyo haina maana kwamba wachezaji 9 kati ya 10 wanaugua. Haina maana hiyo hata kidogo. Lakini inatosha kumfanya mzazi aulize maswali. Na wataalamu wanasema tatizo si yale mapigo makubwa yanayooneshwa kwenye televisheni peke yake, bali pia mapigo madogo madogo mamia kwa mamia, na mengi ya hayo hupatikana mazoezini, mahali ambapo hakuna pointi wala kombe.

Kwa hiyo mchezaji anayetaka kuboresha kitu kimoja tu kabla ya msimu, tungemwambia: jifunze bega. Piga godoro mara elfu moja. Na ukigongwa ukaona nyota au ukasahau matokeo ya mechi, sema! Wapo vijana wanaoficha mtikisiko wa ubongo wasije wakapoteza namba, na wenzao wanawasifu kwa ujasiri. Huo si ujasiri, ni kujidhulumu.

Karibu na hilo lipo suala la kuzijua sheria za mchezo. Hapa tumrudie ndugu yetu Kiwanuka, maana kisa chake kinafundisha kuliko hotuba. Novemba 2006, akiwa mgeni katika ligi ya kulipwa, timu yake ilikuwa inaongoza Tennessee 21-14 zikiwa zimebaki dakika chache. Akamkamata Vince Young, mrusha mpira wa Tennessee, mikono yake yote miwili imemzunguka, mechi kama imekwisha. Ghafla akamwachia! Alidhani mpira umesharushwa, na akaogopa kuadhibiwa kwa kumwangusha mrushaji baada ya mpira kutoka. Young akakimbia, Tennessee wakasawazisha, kisha wakashinda 24-21. Kiwanuka alikuwa mchezaji mzuri sana na alidumu miaka mingi, lakini siku ile mguu na mkono vilikuwa tayari, akili ndiyo iliyosita. Sheria za vyuo nazo hubadilika karibu kila mwaka. Tangu 2023 saa haisimamishwi tena kila timu inapopata yadi 10, isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu. Tangu 2024 makocha wa vyuo vya daraja la juu wanaruhusiwa kuongea na mchezaji mmoja uwanjani kupitia chombo ndani ya helmeti, na mawasiliano yanakatika sekunde 15 kabla ya muda wa kuanzisha mchezo kuisha. Kijana asiyekaa na kitabu cha sheria wakati wa likizo atakuja kushangaa mbele ya watu elfu 80.

Na mwaka 2025 wakaongeza nyingine tuliyoipenda: mchezaji akianguka kana kwamba ameumia wakati mpira umeshawekwa tayari kuchezwa, timu yake inatozwa taimauti. Ilibidi watunge sheria hiyo kwa sababu ya uongo. Timu pinzani ikiwa inacheza haraka haraka, mlinzi anajilaza chini ameshika paja, wenzake wanapata pumzi, na baada ya dakika moja anaruka kama swala. Wapenzi wa soka tusicheke sana, maana kwetu ugonjwa huo umeshamiri zaidi.

Tuje sasa kwenye joto. Tunaomba wazazi wasome sehemu hii taratibu.

Tarehe 29 Mei 2018, kijana wa miaka 19 aitwaye Jordan McNair, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa katika mazoezi ya kukimbia. Haikuwa mechi. Haikuwa hata kambi. Dalili zilianza, akaendelea kusukumwa akimbie, na hakuwekwa kwenye maji ya barafu. Ilipita zaidi ya saa moja tangu dalili zianze hadi gari la wagonjwa kuondoka naye. Alifariki tarehe 13 Juni. Rais wa chuo alikiri hadharani kwamba chuo kinabeba dhamana ya kisheria na ya kimaadili, kocha akafukuzwa mwaka huohuo, na mwaka 2021 familia ikakubaliwa malipo ya dola milioni 3.5. Fedha hizo zinafanya nini mbele ya mzazi aliyempeleka mtoto chuoni akiwa mzima?

Kinachouma ni kwamba kuzidiwa na joto namna hii ni jambo linaloweza kutibika kabisa likiwahiwa. Kanuni ya madaktari wa michezo ni fupi: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Mtu anatumbukizwa kwenye hodhi la maji ya barafu palepale uwanjani ndani ya nusu saa, na karibu wote hupona. Hodhi lenyewe ni la plastiki tu, kama lile la kunyweshea ng'ombe. Halina gharama ya kuitisha kikao.

Mchezaji naye ana lake la kurekebisha. Mwili huchukua siku kama 10 hadi 14 kuzoea joto. Kijana aliyekaa likizo nzima kwenye chumba chenye kiyoyozi akicheza gemu, akaja kambini Agosti akataka kuonesha kwamba hakuzembea, ndiye anayekuwa hatarini. Sheria za kambi zinalijua hilo, ndiyo maana siku za mwanzo huvaa helmeti tu bila ya vikinga mabega, kisha wanaongeza kidogo kidogo. Lakini sheria haimfuati kijana nyumbani mwezi wa Julai. Atoke nje, akimbie kwenye jua kwa kiasi, aongeze pole pole, anywe maji, na aangalie mkojo wake usiwe na rangi ya chai.

Na kuna jambo linalowahusu watu wa asili yetu kuliko wengine wote uwanjani, nalo ni selimundu. Hatuzungumzii mgonjwa wa selimundu, huyo hujulikana tangu utotoni. Tunamzungumzia yule anayebeba kinasaba kimoja tu kutoka kwa baba au mama, hana ugonjwa, hana dalili, na pengine hajui kabisa. Wengi tunaishi hivyo. Uchunguzi mkubwa wa watoto wachanga nchini Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta watoto zaidi ya 13 katika kila 100 wanabeba kinasaba hicho. Katika maisha ya kawaida hakina shida. Lakini mtu akikimbizwa kwa nguvu zote bila ya kupumzika, hasa kwenye joto, chembe za damu zinaweza kubadilika umbo na kuziba mishipa midogo, na misuli ikaanza kufa.

Septemba 2006, Dale Lloyd, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, alikimbizwa mbio 16 za yadi mia mia. Akaanguka, na kesho yake akafariki. Alikuwa anabeba kinasaba hicho na hakuna aliyekuwa na habari. Wazazi wake walipambana mahakamani, na matunda yake ni kwamba tangu mwaka 2010 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, inataka wachezaji wa daraja la kwanza wapimwe. Mwenye kinasaba hazuiwi kucheza. Anatakiwa apumzike kati ya mbio na mbio, aanze taratibu, na asimamishwe mara moja anapolalamika miguu kuishiwa nguvu. Na hapa pana alama ambayo kocha yeyote anaweza kuijifunza: mwenye kubanwa na misuli kwa joto, msuli wake unakuwa mgumu kama jiwe na anapiga kelele kwa maumivu. Huyu wa selimundu msuli ni laini, anaanguka taratibu, na anasema tu miguu imekataa. Kocha mjinga atadhani ni mvivu.

Kwa hiyo kijana asiyejua hali yake ya selimundu kabla ya msimu ana kazi ya kufanya hata kabla hajagusa chuma. Kipimo ni tone la damu.

Ama kuhusu Ramadhani, tumeona vijana wengine wanaulizana. Miaka hii mwezi unaangukia Februari na Machi, yaani wakati wa vyuma na mwanzo wa mazoezi ya machipuko, na siku ni fupi na baridi ipo. Ni nafuu kubwa. Waliotangulia walikuwa na mtihani mkubwa zaidi, maana kuanzia 2010 hadi 2012 Ramadhani iliangukia kwenye joto la Julai na Agosti. Katika mji wa Dearborn, Michigan, shule ya sekondari ya Fordson yenye wanafunzi wengi wa Kiarabu ilihamishia mazoezi usiku wa manane, na filamu ikatengenezwa juu yao mwaka 2011. Husain Abdullah, aliyetokea Chuo Kikuu cha Washington State, alifunga katika kambi za ligi ya kulipwa, na mwaka 2012 yeye na ndugu yake Hamza waliacha msimu mzima wakaenda Hijja. Alirudi akapata timu tena. Tunachowasihi vijana ni hiki: kocha na daktari wa timu waambiwe mapema, wiki kadhaa kabla, ili mbio nzito ziwekwe baada ya futari au asubuhi baada ya daku. Kijana anayeficha funga yake kwa haya, kisha akazirai, amewaharibia na wenzake watakaokuja baada yake. Na mwenye kinasaba tulichokieleza hapo juu asichanganye kiu na mbio za mfululizo hata kidogo. Amwone daktari, na suala la funga yake amuulize mwanachuoni anayemwamini.

Masomo tutayapitia kwa haraka kwa sababu hayana ubishi. Kwa kanuni za NCAA, mchezaji wa futiboli asiyepata angalau krediti 9 katika muhula wa vuli huzuiwa mechi 4 za mwanzo za msimu unaofuata. Anayehama chuo kila mwaka kupitia dirisha la uhamisho, na siku hizi wanahama kama nzige, mara nyingi hupoteza baadhi ya krediti njiani kwa sababu chuo kipya hakizitambui. Na takwimu za NCAA wenyewe zinaonesha kwamba katika wachezaji wa chuo wanaofikia kuchaguliwa na ligi ya kulipwa, wanaochukuliwa hawafiki 2 kati ya 100. Waliobaki 98 wanahitaji kazi.

Fedha nazo zimeingia. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya jina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kwa kiwango kisichozidi kama dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja kwa michezo yote katika mwaka wa kwanza. Hatuoni ubaya kijana kulipwa jasho lake. Kwa miaka mingi vyuo vilivuna mamilioni na mchezaji akala wali wa bwenini. Ila kijana wa miaka 19 asiyejua kusoma mkataba ni chakula cha watu. Mchezaji mmoja wa Florida alikwenda mahakamani mwaka 2023 kupinga mkataba aliosaini akiwa mwanafunzi: alipewa dola 436,485, na yeye akaahidi kutoa asilimia 15 ya mapato yake ya ligi ya kulipwa kwa miaka 25. Miaka ishirini na mitano! Asome kila mstari, amtafute mwanasheria asiyelipwa na wakala, na akumbuke kodi, maana fedha hizo zinakatwa kodi na wengi hushtuka mwezi wa Aprili. Na kwa familia zinazotuma kijana kutoka huku: mwanafunzi mwenye viza ya masomo si sawa na mkazi. Viza ile imebana mno suala la kufanya kazi, na kuchukua fedha za tangazo bila ya kumuuliza mwanasheria wa uhamiaji kunaweza kumrudisha nyumbani kabla ya kuhitimu.

Kamari pia. Baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kufungua mlango wa kubashiri michezo mwaka 2018, simu ya kila mwanafunzi imekuwa kasino. Mwaka 2023 wachezaji kadhaa wa vyuo viwili vya jimbo la Iowa walifikishwa mahakamani na wengine wakapoteza msimu. NCAA inakataza mchezaji kubashiri hata mchezo wa kulipwa usiomhusu. Vijana wetu huku wanaojaza mikeka kila Jumamosi wanajua vizuri tunazungumzia nini, na kwa Muislamu hukumu yake ilikuwepo kabla ya NCAA kuzaliwa.

Tumebakisha jambo la wazazi. Katika familia nyingi zilizohamia kule, mtoto ndiye mkalimani. Anatafsiri barua za shule, anatafsiri bili, anatafsiri maneno ya daktari. Sasa fikirini kijana amegongwa kichwa siku ya Jumamosi, Jumatatu daktari anamweleza mama yake kwamba asiguse mpira kwa wiki tatu, na anayetafsiri ni kijana mwenyewe ambaye Jumamosi inayofuata ana mechi kubwa. Atamwambia mama nini? Atasema daktari anasema nipumzike kidogo, hamna shida.

Wazazi, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinatakiwa kutoa mkalimani bila ya malipo, na wa Kiswahili wanapatikana, walau kwa simu. Muombeni. Muombeni pia chuoni siku ya kusaini karatasi, muulize hodhi la barafu liko wapi, nani ana mamlaka ya kumsimamisha kijana asicheze, daktari au kocha, na majibu ya kipimo cha selimundu yako kwenye faili la nani. Na mkiambiwa hodhi lipo stoo, waambieni walitoe kabla ya Agosti.

Wabillahi tawfiq.